Nimelipia mafunzo ya ubao wa mawimbi, nikapewa maji makavu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mkono wangu wa kulia una bendeji, naandika kwa wa kushoto, kwa hiyo mkiona herufi imeruka nisameheni. Nimejizuia siku nne nzima nisiandike na hasira. Hasira haijapungua, basi naandika nayo.

Mie ni fundi cherehani hapa Mjini Unguja, miaka 42, mama wa watoto watatu. Kuogelea nimejifunza ukubwani, nikiwa na miaka 38, kwa sababu tulipokuwa wasichana pwani ilikuwa pa kwenda kutia miguu majini na kurudi. Hakuna aliyefikiri mtoto wa kike anahitaji kujua kuelea. Hamu ya ubao, huu wa kusimama juu yake ukateleza na wimbi, ilinishika 2021, nilipomuona kwenye simu ya mwanangu Carissa Moore wa Hawaii akichukua dhahabu ya wanawake katika Olimpiki ya Tokyo, mara ya kwanza mchezo huu kuingizwa Olimpiki. Huko kwao Hawaii ni mchezo wa mabibi na mababu, wake kwa waume, machifu na watu wa kawaida, tangu kabla Mzungu hajakanyaga. Nikasema na mie nimezaliwa kisiwani, bahari imenizunguka pande zote, kwa nini nife sijasimama juu ya wimbi hata mara moja?

Nikaweka fedha. Nguo za Idi mbili nimeshona, kila mteja natoa kidogo naficha, mpaka ikatimia laki tatu na nusu. Nguo ya kuingilia majini nimeishona mwenyewe, ya stara, kitambaa cha kuvutika, nimeibana mikononi na miguuni isije ikajaa maji ikanivuta chini. Nilijitayarisha. Hilo nataka mlijue kabla hajaja mtu kuniambia nilikwenda kichwa kichwa.

Skuli yenyewe iko kusini mashariki ya Unguja, kati ya Paje na Makunduchi, jina silitaji. Tulikubaliana masomo matatu, Jumamosi, Jumapili na Jumatatu, saa 3 asubuhi kila siku. Saa walipanga wao. Fedha zote zikatangulia kwa simu. Mie mtu wa Mjini sikutazama mwezi, nikaamini wanaouza bahari wanaijua bahari.

Ilikuwa mwezi 15, mwezi mpevu. Wa pwani ameshanifahamu.

Kwa ndugu zetu wa bara: maji yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa ndiyo kwanza unaandama, huwa bamvua. Maji hujaa sana na hukupwa sana, baina ya juu na chini hufika kama mita 4. Na kwetu bamvua ina saa zake. Hujaa kwenye saa 10, ya alfajiri na ya alasiri, na hukupwa kwenye saa 4 asubuhi. Wiki moja mbele yanakuja maji mafu na saa zinageuka, ile saa 4 asubuhi ndiyo maji yanajaa, ingawa hayajai sana. Kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani 1989, na tangu hapo wanawake wa pwani ile wanashuka shambani asubuhi za bamvua kwa sababu hiyo hiyo, maji yanawapisha. Kwa hiyo somo la ubao saa 3 asubuhi, mwezi 15, ni kuyasindikiza maji yanakokwenda.

Jumamosi nimefika na daladala la mwanzo. Mwalimu kijana, mpole wa maneno, baadaye nikaja kufahamu kuwa yeye hasa ni mwalimu wa kaiti, ule mchezo wa kuvutwa na kishada kikubwa juu ya maji. Kaiti inataka upepo, na maji ya magotini yanaitosha. Ubao wa mawimbi unataka wimbi, na chini ya wimbi unataka kina, maana utaanguka, tena utaanguka mara mia. Nikapewa karatasi ya Kiingereza nitie saini. Hakuniuliza kama najua kuogelea. Hakuniuliza maradhi. Dakika tano juu ya mchanga, lala, piga mikono, simama, imetosha twende.

Ubao alioniletea ulikuwa mgumu, wa fiba, mfupi kama futi 6, nyuma una mapezi makali. Anayeanza, tena mtu mzima mwenye mwili wake, hupewa ubao wa sponji, mrefu wa futi 8 au 9, mpana, unaokubeba hata ukiyumba, na ukikugonga haukuchani. Bandani zilikuwepo mbao sita za sponji zimepangwa, rangi ya buluu. Nikauliza kwa nini nisipewe moja. Akasema, "Hizo za mchana, dada." Sikufahamu bado.

Maji yalikuwa yanakimbia. Tukatembea kuelekea mwambani, mie na ubao kwapani, upepo wa kusi unaupiga kama tanga, na kijana akanipitisha katikati ya mashamba ya mwani, anakanyaga kamba za watu. Bi mkubwa mmoja aliyekuwa ameinama akifunga mbegu akainua uso. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akaniuliza tunakwenda wapi na libao lile. Nikamwambia najifunza kuteleza kwenye mawimbi. Akautazama mwamba, kisha akamtazama kijana. "Leo bamvua, mjukuu wangu. Mwenzako unampeleka kwenye mawe." Kijana akacheka, "Tunajua kazi yetu, bibi." Nikaona haya kwa niaba yake, nikamwomba radhi bi mkubwa kwa zile kamba, akaniambia, "Wewe nenda, lakini tazama miguu."

Siku ile nilichubuka magoti tu. Saa moja na nusu nimeanguka kwenye maji ya mapajani, chini matumbawe na vile vidude vyeusi vya miiba mirefu, na mafunzo yote niliyopata ni neno moja, "Simama! Simama!" Nikimuuliza nasimama vipi, ananiambia nitazame miguu yangu. Ukitazama miguu unaanguka, kila mara. Macho yanatakiwa yatazame ufukweni, mwili unafuata macho. Hilo nimekuja kulijua kesho yake nikiwa nimekaa mchangani, mkono umefungwa bendeji, nikiwasikiliza wanavyofundishwa wengine.

Kwa sababu Jumapili nilirudi. Nilikuwa nimelipa, na nilijiambia siku ya kwanza ni ya kila mtu kuanguka.

Mwezi 16, maji yanachelewa kidogo, kwa hiyo saa 3 na nusu ndiyo yalikuwa yanatoka kwa nguvu zake zote. Safari hii akanipeleka karibu na mlango, ule upenyo wa mwamba ambao ngalawa hupitia. Jamani, maji yote yaliyomo ndani ya mwamba, kilomita kwa kilomita, yakikupwa yanatafuta pa kutokea, na pa kutokea ni pale. Kamba ya mguuni, ile inayokufunga wewe na ubao wako, kibandiko chake kilikuwa kimechoka. Nilimwonyesha tangu nchi kavu. Akakibana kwa mkono, akasema kitashika.

Hakikushika. Wimbi la tatu au la nne limenigeuza, nilipotoka juu ubao haupo, uko mbali unakwenda zake, na mie nasikia maji ya kiunoni yananivuta miguu kuelekea nje. Nimesimama lakini nakwenda. Sijui kama mnanielewa, umesimama wima, unaona ufukwe kabisa, minazi unaiona, na ufukwe unakukimbia. Nikamwita. Alikuwa juu ya ubao wake, upande wa pili, anajitafutia wimbi lake. Nikaita tena kwa sauti yangu yote, na upepo ukaichukua. Nikajitupa kwenye jiwe nikalikumbatia, mikono mitupu juu ya matumbawe, na kila wimbi likija linanisugua palepale. Nilisoma kila nilichokihifadhi. Niliwaza mwanangu mdogo.

Mvuvi mmoja na ngalawa yake alikuwa anatoka mlangoni. Akapiga pondo akanifikia, akanishika kwapa akanipandisha kama mzigo. Hakunigombeza. Alinivulia fulana yake nifungie mkono, akamgombeza kijana, maneno siyarudii hapa. Huyo mzee wa watu Mwenyezi Mungu ampe umri.

Kituo cha afya wamenisafisha, wameniambia vidonda vya matumbawe havichezewi, vinaoza haraka vikiachwa na uchafu ndani, wakanichoma sindano ya pepopunda na kunishona kiganja nyuzi nne. Siku kumi nisishike kazi. Mie natumia mkono ule kula. Nina sare za skuli ishirini na mbili zimekatwa, hazijashonwa, na wazee wa watoto wananipigia.

Lakini sikuanzisha uzi huu kwa sababu ya kiganja.

Nilirudi pwani mchana kuchukua mkoba wangu, nikakaa chini ya mvinje kungoja daladala. Saa 9 maji yamejaa mpaka kwenye mchanga mweupe, hakuna jiwe linaloonekana, povu linakuja taratibu mpaka ufukweni. Wakatoka wageni wa hoteli, wanane, na walimu watatu. Mbao za sponji za buluu zikatoka bandani. Nusu saa nzima walifundishwa juu ya mchanga: namna ya kuanguka chali na mwili bapa, kamwe si kichwa mbele, namna ya kutoka juu mikono imefunika kichwa ubao usikupige. Kisha majini, ya kifuani, chini mchanga mtupu, mwalimu ameshika ubao kwa nyuma, anamchagulia mtu povu la wimbi lililokwisha kuvunjika, anamsukuma, anamwambia tazama mnazi ule. Yule kijana wangu alikuwemo. Anajua! Aliyafanya yote niliyokuwa namuuliza jana. Mzee mmoja wa kizungu, mvi tupu, wa makamo ya marehemu baba yangu, alisimama mara ya tano au ya sita, akateleza mpaka mchangani mikono juu. Nilimfurahia kwa moyo wangu wote, wallahi, na machozi yananitoka.

Hapo nikafahamu mbao za mchana ni zipi. Yale maji mazuri yalikuwepo siku ile ile, pwani ile ile, yamewekwa kwa wengine. Mie nimeuziwa saa ambayo haina maji.

Nikampigia mwenye skuli. Kaanza na pole, kisha kaniambia, "Dada, bahari ni ya Mungu, mie siwezi kuiamrisha." Nikamwambia bahari ya Mungu ina saa zake, na saa hizo anazijua kila mwanamke anayelima mwani mbele ya banda lako. Kwa nini hukuniweka saa 9? Akasema mchana umeshalipiwa na hoteli, wageni wanakaa siku chache, wenyeji wanaweza kuja wakati wowote. Nikamuuliza, na mie nililipia nini? Akasema ningoje atanipigia. Hajapiga.

Nataka vitu viwili, na nimeshamwandikia. Fedha za siku ile ya Jumapili na ya Jumatatu ambayo sikwenda zirudi, pamoja na gharama ya matibabu. Na kila anayeuza somo la ubao pwani ile amwambie mwanafunzi, kabla hajapokea shilingi yake, siku hiyo maji yanajaa saa ngapi na yanakupwa saa ngapi. Kama saa haifai, amwambie haifai, ampe siku nyengine. Hoteli zichukue nusu ya mchana, sawa, wana haki yao, lakini si mchana wote wa bamvua zote. Kuna mtu humu anayejua ni ofisi gani inayokagua hizi skuli za pwani? Naomba aniambie nianzie wapi, barua nimeshaiandika.

Na wale watakaokuja na maneno ya mama mtu mzima na ubao wapi na wapi, naomba mnipishe. Mume wangu anajua, watoto wangu wanajua, stara yangu nimeishona kwa mkono wangu. Mtu mzima anajifunza polepole, ndiyo, mwili unakuwa mzito, woga unakuwa mwingi kwa sababu unajua unachokiacha nyuma. Ndiyo maana anahitaji maji ya kina, ubao mrefu na mwalimu aliye ubavuni mwake. Mtoto wa miaka kumi anaweza kurushwa juu ya mwamba akarudi anacheka. Mie siwezi, na sijasema naweza.

Kuna kijana mwengine, wa kijiji kile kile, alinifuata chini ya mvinje siku ile akaniona nalia. Ana ubao mmoja tu wa sponji, mkuukuu, umebandikwa viraka. Aliniuliza mwezi wangapi leo, akahesabu kwa vidole. Jumamosi ya wiki ijayo ni mwezi 29. Maji yatajaa karibu saa 10 alasiri, na kidonda kitakuwa kimefunga. Nitakuwa pale tangu saa 8. Nguo yangu nimeshaitia kiraka gotini.