S92.354A imekataliwa na mfumo: mvunjiko wa metatasali (mfupa mrefu wa unyayo nyuma ya kidole) niandike msimbo gani wa ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa na majeraha?

Kumbukumbu_Mafinga
Habari za kazi wakuu. Mgonjwa ni abiria wa bodaboda, waliteleza wakaanguka barabarani bila kugongana na chochote. Eksirei inaonyesha metatasali ya tano ya mguu wa kulia imevunjika kwenye shina, haijahama. Ana kidonda kisiginoni, mbali na mvunjiko. Daktari kaandika tu "kavunjika kifundo/mguu". Mtandaoni nimepata S92.354A, mfumo haupokei. Halafu dai la mgonjwa mwingine, metatasali ya kwanza, tuliloandika S92.31 limerudi kutoka bima: wanauliza mbona hakuna huduma ya kidonda. Tatizo ni nini?

Uyole_Takwimu
Mkuu, umechanganya vitabu viwili. S92.354A ni ya toleo la Marekani, ICD-10-CM, lenye herufi hadi saba: ndani yake mna mfupa, upande wa mguu, kuhama au kutohama, na hudhurio. ICD-10 ya WHO (Shirika la Afya Duniani) inaishia S92.3, metatasali yoyote ile. Tarakimu ya tano, pale mfumo wenu unapoiruhusu, inasema kitu kimoja tu: 0 ni mvunjiko uliofunika, 1 ni mvunjiko wenye jeraha wazi. Isipoelezwa, chukulia umefunika.

Sasa tazama hiyo S92.31. Kwa Mmarekani ni metatasali ya kwanza. Kwa WHO ni metatasali yoyote yenye jeraha wazi. Mkaguzi kasoma jeraha wazi, akatafuta usafishaji na dawa, hakuona. Alikuwa na haki ya kuuliza. Mtego ni uleule kwa kisigino: S92.01 kwa Marekani ni mwili wa mfupa wa kisigino, kwa WHO ni kisigino kilichovunjika kwa jeraha wazi.

Huyu wa leo: S92.3, au S92.30 kama mna tarakimu ya tano. Kidonda kiandikie msimbo wake kando, S91 (jeraha wazi la kifundo na mguu), maana hakiko juu ya mvunjiko. Neno "kulia" na "metatasali ya tano" yaandike kwa maneno kwenye maelezo, msimbo hauyabebi.

Mifupa_Tukuyu
Kabla ya msimbo, rudisha faili kwa daktari. "Kifundo/mguu" ni makundi mawili tofauti ya misimbo. S92 haihusu kifundo: nundu ya ndani ya kifundo ikivunjika ni S82.5, ya nje S82.6, zote mbili kwa pamoja S82.8. Kuteguka kifundo bila kuvunjika ni S93.4. Ndani ya S92: kisigino .0, talasi (mfupa ulio chini ya kifundo) .1, tarsali nyingine (mifupa ya nyuma ya unyayo) .2, dole gumba .4, vidole vingine .5. Ile .7 ya mivunjiko mingi watu wanaipenda kwa uvivu. Itumie pale ambapo hakuna mvunjiko mmoja uliochaguliwa kuwa tatizo kuu.

Na ukiona metatasali imevunjika bila ajali, uliza. Mvunjiko wa uchovu wa mfupa ni M84.3. Mwenye kisukari aliyevimba mguu wenye ganzi anaweza kuwa na kiungo cha Charcot (kiungo kinachoharibika kwa kukosa hisia), hapo, kwa kisukari cha aina ya pili, ni E11.6 na M14.6, wala si S92.

Uyole_Takwimu
Naongezea chanzo cha ajali, maana wengi wanakiruka. Abiria wa pikipiki iliyoanguka bila kugongana, barabarani: V28.5. Dereva wake: V28.4. Wakigongana na gari dogo, V23. Mtembea kwa miguu aliyegongwa na bodaboda, V02. Huko kwenu Mafinga mtakutana sana na W20, gogo kumwangukia mtu. Rungwe, msimu wa parachichi, W14: kaanguka kutoka mtini.

Kumbukumbu_Mafinga
Nimeelewa, asanteni. Akirudi kufunguliwa hogo (plasta ngumu), narudia S92.3?

Mifupa_Tukuyu
Hapana. Kubadilisha, kukagua au kutoa hogo ni Z47.8. Kutoa chuma kilichowekwa ndani, Z47.0. Mfupa usipounga, M84.1. Ukirudia S92.3 kila hudhurio, takwimu zenu zitaonyesha mtu mmoja kavunjika mara nne, na bima itauliza eksirei mpya iko wapi.

Uyole_Takwimu
Na kwenye simu yako, ukitafuta, angalia kama ukurasa unaandika ICD-10-CM. Ukiona herufi A, B au D mwishoni, funga.