Mrejesho: mabega yaliyokuwa yanakaza tena baada ya kukandwa

Habari zenu wapendwa, narudi kama nilivyoahidi. Mwezi uliopita niliuliza, mimi fundi cherehani, nikishakandwa mabega nalegea siku 2 tu halafu yanakaza upya, na vidole vya mkono wa kulia vina ganzi, nifanyeje? Asanteni mno mlionijibu.

Nilianza na ile ya kuvuta pumzi kwa pua nikihesabu hadi 4 na kuitoa taratibu hadi 6, dakika 5 kabla ya kulala, mwanzoni nikawa napata kizunguzungu kumbe navuta kwa nguvu mno, nikapunguza ikakaa sawa. Halafu kila uzi wa bobini (kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini wa cherehani) ukiisha nasimama nazungusha mabega, jamani hii ndo imenisaidia kuliko zote maana sihitaji kukumbuka saa, bobini yenyewe inanikumbusha. Taulo la maji ya moto jioni nalo nalipenda sana. Sasa hivi nakaa karibu wiki nzima kabla hayajakaza.

Ile ya kukaa kimya dakika 20 imenishinda kabisa, watoto wadogo hawaniachi. Na ganzi ya vidole mkono wa kulia bado ipo, aliyeniambia hiyo si ya kukandwa niende hospitali ubarikiwe, nimeenda, wamenipeleka fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi), naanza Jumatatu.