Kupima hewa chafu na maambukizi kwa watu wenye afya

Swali: Ndugu wataalamu, nataka kupima moshi na vumbi vinavyowafikia watu wazima wasio wagonjwa, pamoja na kasi ya maambukizi ya mafua makali kati yao. Je, kipimo kimoja cha damu kinatosha?

Jibu: Hakitoshi, ndugu. Kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na vijidudu, hudumu mwilini, hivyo sampuli moja haisemi mtu aliambukizwa lini. Chukua damu kabla na baada ya msimu wa mafua. Kingamwili zikipanda mara 4 au zaidi, na mtu hakuchanjwa katikati, hayo ni maambukizi mapya, hata kama mhusika hakukohoa hata siku moja.

Jibu: Kuhusu hewa, kituo cha mbali cha kupima hewa hakioni chumba chenye jiko linalofuka moshi. Mvalishe mshiriki kifaa kidogo cha kupima hewa kifuani, karibu na pua.