Wauza pikipiki Moshi, mnatuulia injini kwa ushauri wenu halafu mnakataa waranti!

Wakuu, nimetoka kwa fundi sasa hivi, mikono bado ina masizi na hasira sijui niipeleke wapi.

Mwezi wa nne nilimnunulia mdogo wangu pikipiki mpya ya cc 125 apige bodaboda. Duka liko hapahapa mjini, jina silitaji. Nililipa keshi milioni mbili na laki nane, hela ya mpunga wa Mabogini misimu miwili. Na niliuliza, nikiwa nimesimama pale kaunta: injini mpya inatunzwaje? Fundi wao akajibu bila hata kuinua macho: "Iwashe uiache iungurume usiku kucha, asubuhi itakuwa imelainika, beba abiria." Oili ya kwanza nimwage lini? "Ukiona imekuwa nyeusi." Kitabu cha mtengenezaji hatukupewa.

Tukafanya hivyohivyo. Pikipiki ikaunguruma uani mpaka alfajiri, majirani wanalalamika, sisi tunaamini tunaitunza.

Leo ina kilomita 6,000. Kupanda mlima wa Uru na abiria mmoja tu inagonga, nguvu hakuna, nyuma inatoa moshi wa bluu. Fundi wa Majengo kafungua hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Juu ya pistoni kuna masizi magumu kama ukoko wa ubwabwa, plagi nyeusi imelowa oili, na ukuta wa silinda unang'aa kama kioo. Nikamwambia si vizuri ukuta ukiwa laini? Akanitazama kwa huruma.

Silinda mpya inatoka kiwandani na mikwaruzo midogo inayopishana, imewekwa makusudi. Ringi mpya, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni, zinajisugua hapo mpaka zinakaa. Kinachozikandamiza ukutani ni presha ya petroli inapolipuka, na presha hiyo inakuja injini ikifanya kazi. Ikiunguruma imesimama, presha ni ndogo, ringi hazibani, oili inapenya juu na kuungua. Sehemu yake inaganda ukutani kama utando, mikwaruzo inazibwa, na hapo ringi hazikai tena mpaka silinda isuguliwe upya. Nyingine inageuka masizi juu ya pistoni. Masizi yanakula nafasi na kushika joto, petroli inalipuka kabla ya wakati wake. Ndiyo ile kugonga ya Uru.

Kwa hiyo usiku ule mmoja ndio ulioanza kuiua, na tuliambiwa na watu waliotuuzia!

Wale wa kuvuta resi mpaka mwisho siku ya kwanza nao wanaharibu. Injini mpya inataka kuendeshwa: resi kama nusu, mwendo unabadilika, panda, shuka, usilazimishe gia kubwa mlimani. Oili ya kwanza imwagwe mapema, vitabu vingi vinataja kati ya kilomita 500 na 1,000, kwa sababu ina chenga za chuma zilizosagika. Maneno ya dakika mbili hayo. Muuzaji anashindwaje kuyasema?

Halafu kuna kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa. Huku juu Marangu, Kibosho, na ndugu zetu wa Arusha mjini kwenye mita kama 1,400, hewa ni nyepesi. Kabureta iliyosetiwa kwa hewa ya pwani inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Ongeza choki, ile ya kubana hewa ili injini ya baridi iwake, ambayo asubuhi za mwezi wa saba vijana wanaisahau mpaka stendi, masizi yanajaa hata kwenye injini isiyo na ubovu. Nani anatuuzia pikipiki akatuuliza tunaipeleka wapi?

Kilichonichoma zaidi ni niliporudi dukani na risiti. Jibu: "Waranti imekufa, hukumwaga oili kwenye kilomita 500." Hiyo 500 niliisikia kwa mara ya kwanza siku hiyo, na aliyeitamka ni yuleyule aliyeniambia nisubiri iwe nyeusi!

Fundi anataka bloki ya silinda, pistoni na ringi vipya. Dogo wiki ya pili yuko nyumbani, na ana mtoto mchanga. Jumatatu napeleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC), Sheria ya Ushindani ya 2003 inamlinda mlaji. Aliyewahi kudai waranti ya pikipiki akalipwa, naomba aniambie alipeleka ushahidi gani zaidi ya risiti.