Picha za zamani nilizozikataa: Snapseed, Lightroom, GIMP, au nizifute tu?

Mpiga_Pwani
Wakuu, habari za jioni. Nina diski iliyojaa picha za miaka ya nyuma, zile nilizoweka kando kwa kuwa hazifai kumpa mteja wala kubandika popote. Nyingi ni za Unguja, Forodhani na bandari ya Malindi: majahazi yaliyopigwa saa saba mchana, anga jeupe pee. Kuna ngoma za usiku zilizotikisika, na nyingine giza totoro. Baadhi ni JPEG, yaani zilizokwisha kubanwa na kamera, baadhi RAW, yaani data ghafi ya kamera.

Sitafuti kuzisahihisha. Nataka kuzigeuza kitu kingine kabisa: kuzichanganya, kuzichakaza, kuzipaka rangi. Nimebakiza programu tatu za kuhariri picha: Snapseed ya simuni, Lightroom ya kulipia, au GIMP kwenye laptopu. Waliopita huku wanasemaje?

Chenga_Chenga
Snapseed, usijisumbue. Ni ya bure, na ina sehemu ya Double Exposure unayoweza kuweka picha moja juu ya nyingine. Anga likiwa jeupe chagua Darken, picha ikiwa ya giza chagua Lighten. Kila hatua unaweza kuirudia na kuibadilisha baadaye, au kuipaka kwa kidole ionekane mahali fulani tu. Unaketi kwenye daladala, ukifika unapokwenda umeshamaliza jahazi moja.

Ila hamisha picha kwa waya. Ukijitumia kwa WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa, na ukianza kuchakaza kitu kilichokwisha kubanwa, vile viboksi vyote vinajitokeza.

Leya_Juu_ya_Leya
Mkuu, kabla ya kuchagua programu zipange picha kwa ugonjwa wake. Ugonjwa ndio unaochagua dawa, na mara nyingine ndio faida yenyewe.

Chukua hilo anga lililoungua. Kwenye JPEG mwanga wa kila rangi hupimwa kutoka 0 (weusi) hadi 255, na weupe mtupu ni 255 kwa nyekundu, kijani na buluu. Hakuna kilichojificha pale, usitafute mawingu. Sasa weka juu yake picha ya ukuta wa chokaa uliobanduka, Mji Mkongwe umejaa kuta hizo, kisha chagua Multiply, namna ya kuchanganya picha mbili kwa kuzidisha. Hesabu yake ni namba ya juu mara namba ya chini, gawanya kwa 255. Ukuta wenye 120 ukikutana na anga la 255 unabaki 120 vilevile. Maana yake ukuta unaingia angani mzima mzima, nyufa na madoa yake yote, na jahazi ambalo tayari ni jeusi linabaki jeusi. Picha iliyopigwa vizuri, yenye mawingu ya kijivu, haikupi hivyo. Inakuletea uchafu tu.

Za giza ni kinyume chake. Tumia Screen, namna ya kuchanganya inayong'arisha: weusi mtupu haubadilishi kitu, kwa hiyo taa au maji yanayometa ya picha nyingine yanakaa mahali palipokuwa patupu.

Ndiyo maana mimi nasema GIMP. Darken ya Snapseed inachagua tu kilicho cheusi zaidi kati ya viwili, haizidishi, na mpaka unaonekana mkali. GIMP ina leya halisi, yaani picha zinazopangwa moja juu ya nyingine, na maski, pazia la leya ambalo weupe wake unaonyesha na weusi wake unaficha, na tangu toleo la 3.0 la mwaka 2025 vichujio vingi unaweza kuviacha hai na kuvirekebisha baadaye. Kujifunza kwake kunachosha, sikudanganyi.

Bi_Mwanga
Mnamwangusha bure kaka wa watu kwa kuisahau RAW. JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. RAW ya biti 14 ina 16,384. Zile za giza totoro ukizivuta kwenye JPEG utapata mistari na rangi za ajabu, kwenye RAW utapata mtu amesimama pale. Lightroom kwa kazi hiyo ni safi. Ila haiweki picha juu ya picha, kwa hiyo ukilipa utalipia nusu ya safari. Kama pesa ni tatizo, programu ya darktable ni ya bure na inafungua RAW vizuri: toa TIFF ya biti 16, faili lenye ngazi nyingi za mwanga kuliko JPEG, upeleke GIMP.

Mzee_Chumba_Cheusi
Wanangu, hili si jambo la kompyuta. Gustave Le Gray, mpiga picha Mfaransa, alikuwa na shida hiyohiyo ya jahazi na anga katika miaka ya 1850. Dawa ya kunasia picha ya wakati ule iliona buluu kupita kiasi. Akiipa bahari mwanga wa kutosha, anga linaungua. Baadhi ya picha zake alizichapa kwa negativu mbili, yaani vioo vya picha iliyogeuzwa mwanga na giza, moja ya maji, moja ya mawingu, zikikutana kwenye upeo. Mwaka 1857 mpiga picha mwingine, Oscar Rejlander, akaunganisha negativu zaidi ya 30 kwenye picha moja. Kwa mikono na subira.

Chenga_Chenga
Shikamoo mzee. Le Gray angepewa Snapseed angelala mapema.

Mzee_Chumba_Cheusi
Marahaba. Angelala, lakini tusingemjua.

Futa_Tu
Mimi nafuta. Picha mbovu ukiivisha ukuta inakuwa picha mbovu yenye ukuta. Watu wanaficha fremu isiyo na kitu ndani. Tena ole wako uipeleke kwenye shindano la habari: World Press Photo, shindano la kimataifa la picha za habari, mwaka 2015 waliondoa asilimia 20 ya picha zilizofika raundi ya kabla ya mwisho kwa sababu ya uhariri.

Leya_Juu_ya_Leya
Kuhusu habari uko sahihi, wala hakuna anayebisha. Ukiiuza, iuze kama sanaa na useme. Kuhusu fremu tupu, nakupa nusu. Umbo la jahazi lazima liwe safi, tanga lisomeke. Kama tanga limegongana na mnara nyuma yake, hakuna leya itakayookoa.

Bi_Mwanga
Za ngoma mmezisahau. Mtikisiko hautoki, kwa hiyo uongeze. Chukua fremu nne za mchezaji yuleyule, ziweke leya nne, kila moja na kiasi chake cha kuonekana: ya chini asilimia 100, inayofuata 50, kisha 33, kisha 25. Hapo kila moja inachangia sawa. Mwili unakuwa moshi, kanga inabaki na rangi yake. Na chenga, vile vidoa vya picha za usiku, zinapungua zenyewe kwa sababu kila fremu ina chenga zake, zikichanganywa zinasawazishana.

Mpiga_Pwani
Asanteni sana, na mzee shikamoo. Nimeelewa: RAW zipite darktable, kila kitu kiishie GIMP, Snapseed nichoree rasimu nikiwa njiani. Swali moja: kwenye majahazi kuna mabaharia, nyuso zinaonekana. Multiply ikipita usoni si itawachafua?

Leya_Juu_ya_Leya
Itawachafua. Weka maski nyeupe kwenye leya ya ukuta, kisha brashi nyeusi laini, asilimia 40 hivi, upite usoni mara mbili tatu. Usifute ukuta wote pale, sura itaonekana imebandikwa. Na ukuta upige siku ya mawingu, jua la pembeni litakuletea vivuli vinavyopingana na vya jahazi.