Bwawa la nyuma ya nyumba kwa bajeti ndogo: la upepo, la fremu au la kuchimba?

Kina_Kifupi
Wakuu, naomba ulinganisho. Uwanja wa nyuma ni mita 7 kwa 8, na kwenye huo urefu wa mita 8 ardhi inashuka sentimita 15 hivi. Watumiaji ni watu wazima wawili na watoto wawili, wa miaka 6 na 9. Ninayopima:

1. La upepo (lenye mduara wa kujaza hewa juu), kipenyo mita 3.05, kimo sentimita 76.
2. La fremu ya chuma, kipenyo mita 4.57, kimo mita 1.22.
3. La kuchimba, tofali na zege, mita 3 kwa 6.

Nataka gharama ya miaka mitano, siyo ya siku ya kununua tu.

LitaKwaLita
Anza na ujazo, maana maji, dawa na umeme vyote vinafuata hapo. La upepo la kipimo hicho linabeba takriban lita 3,800. La fremu, likijazwa asilimia 90, lita 16,800. La kuchimba lenye kina cha wastani cha mita 1.3 ni lita 23,400. Lita 1,000 ni tani moja, kwa hiyo hilo la fremu ni karibu tani 17 juu ya udongo wako.

La upepo ni rahisi kununua na rahisi kutupa. Mduara ukipata tundu dogo, ukingo unalegea na maji yanamwagikia upande wa chini, tena mengi kwa mara moja. Jua likiupiga moja kwa moja, maungio ya mpira hukakamaa na kuanza kuachia. Misimu miwili, mitatu kwa bahati. Kwa miaka mitano utanunua mara mbili au zaidi, na bado watu wazima watakaa tu humo, hawataogelea.

Kura yangu ni la fremu. Ila bei ya boksi isikudanganye: pampu inayokuja nalo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote.

Zege_na_Nondo
Kuhusu namba 3, hesabu kwanza udongo. Ukiweka kuta, sakafu na nafasi ya fundi kusimama, shimo linafika mita 4 kwa 7 kwa kina cha 1.6, yaani mita za ujazo 45. Udongo ukishatoka ardhini huvimba kwa robo au zaidi, kwa hiyo wa kusomba ni mita za ujazo 56 au zaidi. Hapo hujagusa saruji.

Wanaotaka kubana matumizi hujenga tofali tupu na kupiga plasta. Huo ukuta hautadumu. Tofali za matundu lazima zipite nondo za wima na za mlalo, matundu yajazwe zege, sakafu na ukuta vishikane kwa nondo zilizokunjwa kutoka chini. Baada ya hapo zege likae siku 28 likinyweshwa maji, ndipo uje na dawa ya kuzuia maji na umaliziaji. Ukiharakisha, plasta inabanduka vipande vipande.

Kosa jingine ni kulikausha bwawa wakati maji ya ardhini yako juu. Likiwa tupu, maji ya chini yanalisukuma juu, na sakafu inapasuka au bwawa zima linainuka. Ndiyo maana huwekwa vali sakafuni inayofunguka yenyewe shinikizo la chini likizidi. Asiyejua vali hiyo ni ya nini asikujengee.

Kwa kifupi, bwawa la kuchimba lililojengwa vizuri ni bora kuliko yote mawili, ila halimo kwenye bajeti ndogo. Lililojengwa kwa bajeti ndogo ni baya kuliko la fremu.

Hori_la_Mabati
Kuna la nne hujalitaja: hori kubwa la kunyweshea ng'ombe, la mabati, kipenyo mita 2.4, kimo sentimita 60. Lita 2,500 hivi. Halitoboki na halina fremu ya kuunga. Kwa kupoza mwili linatosha, na unaweza kulimwaga bustanini bila maumivu (acha klorini ipungue kwanza, siku mbili tatu juani bila kuongeza dawa). Tahadhari moja: usitupe kidonge cha klorini sakafuni mwake. Kinakula zinki pale kilipolala na kutu inaanzia hapo hapo. Tumia kielea cha kuweka vidonge.

Kina_Kifupi
Nashukuru. Watoto wanataka kujifunza kuogelea, kwa hiyo hori hapana. Naelekea la fremu. Mteremko naumalizaje? Nilifikiri kumwaga mchanga upande wa chini hadi usawa.

PimaMaji
Usifanye hivyo, mkuu. Mabwawa mengi ya fremu huanguka kwa sababu hiyo. Udongo au mchanga wa kujazia hudidimia chini ya tani 17, miguu ya upande huo inazama, maji yanaegemea huko na kuongeza uzito pale pale palipo dhaifu. Kwa kina cha maji cha mita 1.07, kila mita moja ya ukuta inasukumwa nje kwa uzito wa zaidi ya kilo 500. Kwa hiyo unachimba upande wa juu, hujazi upande wa chini.

Piga kigingi katikati. Funga kamba ya mita 2.6 (nusu kipenyo pamoja na sentimita 30 za ziada) na uchore duara. Ng'oa majani yote na mizizi. Kama kuna ndago, chimbua hadi vile viazi vyake, maana ncha yake inatoboa turubai kutoka chini kama sindano. Mteremko wako kwenye duara hilo ni sentimita 10 hivi, kwa hiyo utaondoa karibu mita moja ya ujazo, toroli ishirini na kitu.

Usawa upime kwa mpira wa levo: mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, urefu mita 6, uujaze bila kuacha povu la hewa. Ncha moja ifunge kwenye kigingi cha katikati, nyingine itembeze kwenye mzingo, pointi nane. Tofauti kati ya pointi mbili zozote isizidi sentimita 2.5. Mimi ningelenga 1.

Mwagia maji, shindilia, pima tena. Chini ya kila mguu fukia kigae cha zege cha sentimita 40 kwa 40, uso wake ulingane na udongo. Kikibaki juu, unaleta tatizo lile lile ulilokimbia. Mchanga laini sentimita 3 unatosha kufunika vijiwe. Ukizidisha, mvua inauchukua na sisimizi wanauhamisha, halafu unabaki na mashimo chini ya turubai. Juu yake tandika zulia kuukuu au mkeka mzito, kisha bwawa.

Ukijaza, simama maji yakifika sentimita 3. Ingia peku, vuta mikunjo ya sakafu kutoka katikati kwenda pembeni. Yakifika sentimita 20 funga bomba, pima kimo cha maji ukutani pande nne. Zikipishana zaidi ya sentimita 2.5, mwaga uanze upya. Inauma, ila ni afadhali kumwaga tani tatu kuliko kumi na saba.

Chujio_Safi
Sasa pampu. Kanuni ya kawaida ni maji yote yapite kwenye chujio mara moja ndani ya saa 8. 16,800 gawanya kwa 8 ni lita 2,100 kwa saa. Utaona pampu ya boksini imeandikwa zaidi ya hapo na kufurahi bure: namba hiyo ni ya chujio jipya. Chujio la karatasi likishaziba kwa mafuta ya ngozi na vumbi, mtiririko unashuka sana, na hilo la karatasi linahitaji kuoshwa kila siku mbili tatu na kubadilishwa kila wiki chache. Kwa miaka mitano ni rundo la makaratasi.

Nunua chujio la mchanga dogo, la kilo 20 hadi 25, lenye mtiririko halisi wa lita 4,000 hadi 6,000 kwa saa. Mchanga uwe wa chujio, punje za milimita 0.45 hadi 0.85. Wa kujengea una vumbi linalorudi bwawani. Andika kwa kalamu shinikizo linalosomeka kwenye geji siku ya kwanza. Likipanda kwa bar 0.5, osha kwa kugeuza mtiririko dakika mbili, kisha suuza nusu dakika. Zima pampu kabla ya kuzungusha mpini wa vali, kila mara. Ukiuzungusha ikiwa inafanya kazi, mpira wa ndani unakatika na maji machafu yanaanza kurudi bwawani bila kuchujwa.

Klorini65
Dawa. Klorini huru (ile ambayo bado haijatumika) iwe miligramu 1 hadi 3 kwa lita, pH (kipimo cha uchachu wa maji) 7.2 hadi 7.6. pH ikipanda, klorini ipo ila haifanyi kazi, ndipo mtu anaongeza dawa na maji yanazidi kuwa kijani.

Kwa lita zako 16,800, chembechembe za klorini za asilimia 65, gramu 26, zinapandisha klorini kwa miligramu 1 kwa lita. Weka jioni, jua linaila. Tia chembechembe kwenye ndoo yenye maji tayari, kamwe usimimine maji juu ya dawa, na usizimwage kavu sakafuni, zitachubua rangi ya turubai.

Vidonge vya gramu 200 ni vya mvivu, na vina mtego: vimechanganywa na kinga ya jua (ya kuzuia klorini isiliwe na jua) ambayo haipungui majini. Kwenye bwawa lako kila kidonge kinaongeza takriban miligramu 6 za kinga hiyo kwa lita. Vidonge vinane, uko karibu 50, na kuanzia hapo klorini inazidi kuwa goigoi. Dawa pekee ni kumwaga sehemu ya maji. Na vidonge hivyo visikutane na chembechembe, hata kwenye kijiko kimoja cha kupimia: vinaweza kulipuka au kuwaka moto.

Kina_Kifupi
Maji ni ya kisima. Kuna shida?

Klorini65
Jaza ndoo moja kwanza, tia klorini kidogo, subiri saa moja. Yakigeuka rangi ya chai kuna chuma, nayo bwawa lako litageuka hivyo hivyo siku ya kwanza. Hapo tafuta dawa ya kukamata madini kabla ya klorini, au leta maji ya kujazia mara moja na kisima kibaki cha kuongezea.

PimaMaji
La mwisho, na hili halina bei nafuu. Watoto ni wa miaka 6 na 9. Uzio wa mita 1.2 kwenda juu, geti linalojifunga lenyewe na kufunguka kuelekea nje, kitasa juu wasikofika. Ngazi itolewe kila mkishatoka. Pampu na boksi lake visikae karibu na ukuta wa bwawa, vinageuka ngazi. Umeme wake upite kwenye breka inayokata umeme ukivuja kwa miliampia 30, na usiburute kebo ya kuungia juu ya majani. Hela ya uzio ikikosekana, punguza ukubwa wa bwawa hadi ipatikane.

Kina_Kifupi
Basi la kipenyo cha 3.66 lenye kimo cha sentimita 76, lita 6,500, na uzio. Dozi ya klorini hapo ni gramu 10?

Klorini65
Ndiyo, gramu 10 kwa kila miligramu 1. Ila nunua mizani ya jikoni, kijiko kinadanganya.