MREJESHO: Gari ya familia ya safari ndefu

Wadau shukran sana, niliuliza hapa Toyota Noah ama Toyota Wish, gari ya bei nafuu ya kupeleka familia Kakamega kila likizo. Nilimsikiza yule aliyesema chukua Wish ya injini ya lita 1.8 na usitoe hata shilingi kabla fundi wako hajaingia chini ya gari, na wallahi ameniokoa, ya kwanza ilikuwa inavuja oili ya gia mpaka imelowesha chini tukaiacha. Hii ya pili ilitoka Mombasa alfajiri, zile kilomita 480 za Nairobi mamangu alilala tu, mafuta pia inakunywa kidogo. Ila viti vya nyuma kabisa vikikaliwa buti hakuna, nazi za zawadi zilipanda basi, na ile barabara ya murram ya nyumbani imekwaruza bampa. Wiki hii naweka spesa za kuinua gari.